Haroun Tazieff, injenia wa Katanga aliyeshuka ndani ya Nyiragongo kupima gazi za volkano

Ukitaja moshi katika mji wa Lubumbashi, wengi wanafikiria kwanza chimine ya Gécamines. Ukitaja moshi katika mji wa Goma, watu wanatazama Nyiragongo. Miji hii iko mbali sana, lakini moshi wa chimine ile na moshi wa mlima ule una kitu kimoja: gazi ya salfa, ile inayochoma koo na kukausha majani ya miti.

Kuna mtu aliyefanya kazi Katanga, kisha akapanda hadi Kivu, na ambaye alitumia karibu miaka hamsini kuchunguza gazi zinazotoka chini ya ardhi na kuingia hewani. Jina lake ni Haroun Tazieff. Alikufa Paris tarehe 2 Februari 1998, akiwa na miaka 83, na katika Ufaransa na Ubelgiji hakuna mtaalamu wa volkano aliyejulikana na raia wengi kumpita yeye.

Maisha yake yana pande mbili. Kuna wakati alipinga wakubwa wa serikali na wakubwa wa kazi yake kwa sababu ya mambo aliyoyapima kwa mkono wake, na mwisho ikaonekana kwamba alisema kweli. Kuna wakati mwingine, akiwa mzee na mwenye sifa kubwa, alizungumza juu ya hewa ya dunia nzima bila vipimo vyake mwenyewe, na akakosea. Kwa wakaaji wa mashariki ya Congo, ambao mara kwa mara wanangoja neno la wataalamu ili wajue kama watalala nyumbani ama watakimbia, pande zote mbili zina fundisho.

Mtoto wa wakati wa vita

Tazieff alizaliwa Warsaw tarehe 11 Mei 1914, wakati mji huo ulikuwa bado chini ya mfalme wa Urusi. Baba yake alikuwa daktari, Mtatari wa dini ya Kiislamu. Miezi michache baadaye Vita vya Kwanza vya Dunia vilianza, na baba akafia vitani. Mama, ambaye naye alikuwa amesoma sayansi, alimlea mtoto peke yake. Walipitia Urusi na Georgia, na mwaka wa 1921 wakafika Ubelgiji.

Huko ndiko alikokulia. Alipewa uraia wa Ubelgiji mwaka wa 1936. Ule wa Ufaransa aliupata baadaye sana, mwaka wa 1971. Alikuwa kijana wa nguvu: alicheza ndondi na raga, na alipenda kupanda milima. Alisoma kwanza kilimo huko Gembloux, akatoka injenia mwaka wa 1938. Vita vya Pili vilipofika, aliingia katika kundi la Wabelgiji waliopinga Wajerumani kwa siri. Wakati huohuo alisoma jeolojia Liège, akamaliza mwaka wa 1944.

Kasiterite ya Katanga

Vita vilipokwisha, Ubelgiji ilihitaji madini ya Congo kuliko wakati wowote. Tazieff alikuja Katanga mwaka wa 1945, akafanya kazi katika machimbo ya kasiterite hadi mwaka wa 1947. Wakati huo Lubumbashi iliitwa Élisabethville, na utajiri wake ulikuwa shaba. Kasiterite ilikuwa upande mwingine wa jimbo, kaskazini, katika sehemu za Manono na Mitwaba.

Machimbo yalikuwa shule kwa injenia kijana. Pale mtu anajifunza kwamba jiwe halitambuliwi kwa macho tu. Linachukuliwa, linapondwa, linapimwa, ndipo tajiri anajua kama kuna madini ama hakuna. Tazieff alikaa na tabia hiyo maisha yake yote: hakupenda kusema juu ya mlima kabla ya kuchukua kipande chake.

Mwezi wa Machi 1948

Baada ya Katanga aliingia katika kazi ya jeolojia ya serikali ya kikoloni upande wa Kivu. Hakuwa mtaalamu wa volkano. Lakini mwanzoni mwa mwezi wa Machi 1948, ubavu wa Nyamulagira ulipasuka mahali panapoitwa Kituro, na yeye akatumwa kwenda kutazama.

Alikuta mlima mdogo ukizaliwa mbele ya macho yake. Lava ilikuwa inaruka, mawe mekundu yanaanguka, na msitu unawaka. Alikuwa na umri wa miaka 33. Toka siku zile hakurudi tena nyuma kwa kasiterite. Kitabu alichoandika juu ya mambo hayo, Cratères en feu, kilitoka mwaka wa 1951 na kilisomwa katika nchi nyingi.

Mwaka uleule wa 1948 alishuka ndani ya Nyiragongo. Watu wa Kivu walikuwa wameona kwa miaka mingi mwanga mwekundu ukipaka mawingu usiku juu ya mlima huo wa meta 3,470, lakini wataalamu hawakuwa na hakika ni kitu gani kilichowaka ndani. Shimo la kilele lina upana wa kilometa moja na zaidi, na kuta zake zinasimama wima. Tazieff alishuka hadi kwenye ngazi ya juu ya shimo na kuthibitisha kwamba chini kulikuwa na ziwa la lava inayochemka mchana na usiku. Ziwa kama hilo, lenye kudumu miaka kwa miaka, ni kitu cha nadra sana duniani.

Ilimchukua zaidi ya miaka kumi kufika chini kabisa. Ruhusa ya kushuka haikuwa rahisi kupata chini ya utawala wa kikoloni. Mwaka wa 1959, mwaka mmoja kabla ya uhuru, alirudi na kikundi cha wachunguzi, wakashuka kwa kamba hadi kando ya ziwa lenyewe. Filamu aliyoitengeneza juu ya mlima huo ilitoka mwaka wa 1966 na kuitwa Le Volcan interdit, yaani volkano iliyokatazwa. Ilifika hadi kwenye orodha ya filamu zilizopigania tuzo ya Oscar.

Gazi ndiyo inayosukuma

Watu wengi walimjua kwa filamu na kofia yake ya chuma mbele ya moto. Kazi yake hasa ilikuwa nyingine. Tazieff alikazia wazo moja: anayetaka kuelewa volkano achunguze gazi kabla ya lava.

Wazo hilo si gumu. Chukua chupa ya Simba, itikise, kisha ifungue. Bia haitoki kwa sababu ni nzito ama nyepesi. Inatoka kwa sababu gazi iliyokuwa imefungwa ndani yake inatafuta njia na kuisukuma. Hata chini ya mlima ni hivyo. Mawe yaliyoyeyuka yamebeba mvuke wa maji, gazi kaboniki, gazi ya salfa na nyingine. Yakipanda karibu na juu, gazi inatanuka. Ikipata njia ya kutoka polepole, mlima unapumua tu. Ikikosa njia, mlima unapasuka.

Shida ilikuwa namna ya kuipima. Wachunguzi wa zamani walijaza gazi katika vichupa vya kioo na kuvipeleka Ulaya. Mara nyingi hewa ya kawaida iliingia pamoja nayo, na majibu yalitoka wiki nyingi baadaye. Pamoja na mkemia Mbelgiji Ivan Elskens na wengine, Tazieff alitafuta vyombo vya kutoa jibu palepale, kando ya shimo. Kwenye volkano ya Stromboli, katika Italia, waliona jambo ambalo vichupa vya zamani havikuweza kuonyesha: gazi inabadilika kwa dakika chache tu. Kipimo kimoja kwa mwezi hakisemi kitu. Lazima kupima mfululizo.

Gazi za Nyiragongo walizokusanya mwaka wa 1959 zilichunguzwa na matokeo kutangazwa mwaka wa 1960. Miaka iliyofuata Tazieff alienda katika nchi ya Afar, Ethiopia, ambako yeye na wenzake walichunguza ziwa jingine la lava, Erta Ale. Mwaka wa 1979 yeye, François Le Guern na Jacques Carbonnelle walitangaza hesabu za joto na gazi ambazo ziwa hilo linatupa hewani. Wakati huo wachache walijiuliza swali hilo. Leo ni swali la kila siku kwa wale wanaochunguza hali ya hewa ya dunia.

Sababu ni kwamba gazi ya salfa haibaki gazi. Ikifika hewani inaungana na maji na kuwa matone madogo sana ya asidi, madogo kuliko jicho linavyoweza kuona. Wataalamu wanaita chembe kama hizo zinazoelea angani erosoli. Zikiwa chini, mvua inazishusha kwa masiku machache: ndiyo mvua ya asidi inayochoma mashamba karibu na Nyiragongo. Zikirushwa juu sana, mahali ambapo mvua haifiki, zinaweza kukaa mwaka ama miwili zikirudisha sehemu ya mwanga wa jua. Mwezi wa Juni 1991, volkano ya Pinatubo huko Ufilipino ilirusha karibu tani milioni 20 za gazi hiyo, na joto la dunia likashuka karibu nusu digrii kwa muda.

Mabishano ya Guadeloupe

Mwaka wa 1976 Tazieff alikuwa mkuu wa kazi ya volkano katika taasisi ya fizikia ya dunia ya Paris. Tarehe 8 Julai, volkano ya La Soufrière, kwenye kisiwa cha Guadeloupe kilicho chini ya Ufaransa, ilianza kutupa mvuke na vumbi. Tazieff alikwenda, akapima, akasema kwamba mvuke ule ni maji ya ardhini yaliyochemshwa, na kwamba hakukuwa na lava mpya inayopanda. Raia wangeweza kubaki.

Wataalamu wengine hawakukubali, na kati yao alikuwa mkubwa wake mwenyewe katika taasisi, Claude Allègre. Waliona katika vumbi vipande vya kioo ambavyo walidhani ni alama ya lava mpya. Tarehe 15 Agosti serikali iliamuru zaidi ya watu 70,000 waondoke. Waliacha nyumba, mashamba na masoko kwa zaidi ya miezi mitatu.

Tarehe 30 Agosti Tazieff alipanda tena na wenzake. Mlima ukalipuka wakiwa kileleni, mawe yakawanyeshea. Baadhi yao waliumia, lakini wote walirudi wazima. Hata baada ya hapo hakubadili neno lake. Mwezi wa Novemba kamati ya wataalamu wa nchi mbalimbali ilikutana Paris, na raia wakaanza kurudi nyumbani. Mlipuko mkubwa uliongojwa haukufika. Vile vipande vya kioo havikuwa alama ya lava mpya. Lakini Tazieff alikuwa amekwisha kuondolewa katika cheo chake.

Ni vizuri kuwa wa haki kwa pande zote. Aliyeamuru watu waondoke aliogopa vifo, na woga huo si upumbavu. Mwaka wa 1985, katika Colombia, wakubwa walichelewa kuondoa watu chini ya volkano ya Nevado del Ruiz, na zaidi ya watu 20,000 walizikwa na matope. Hoja ya Tazieff ilikuwa nyingine: anayeamua juu ya maisha ya watu 70,000 lazima asimame juu ya vipimo, na vipimo vile lazima vichukuliwe na watu wanaoujua mlima.

Nyiragongo yapasuka

Miezi michache baadaye ilikuwa zamu ya Kivu. Tarehe 10 Januari 1977, mbavu za Nyiragongo zilifunguka na ziwa la lava ambalo Tazieff alikuwa amelijua kwa karibu miaka thelathini likamwagika kwa muda usiofika saa moja. Lava ilikuwa nyepesi, ikikimbia kama gari. Makumi ya watu walikufa, na kuna wanaohesabu mamia. Tazieff aliandika juu ya mlipuko huo mwaka uleule, akionyesha jinsi ulivyokuwa wa pekee. Mlima ambao wageni waliuona kama kitu cha ajabu cha kutazama ulikuwa umeonyesha kwamba unaweza kuua kabla mtu hajafunga mzigo.

Baadaye serikali ya Ufaransa ilimwita. Toka mwaka wa 1981 alipewa kazi ya kuzuia hatari za asili, na kati ya mwaka wa 1984 na 1986 alikuwa katibu wa serikali katika baraza la waziri mkuu Laurent Fabius. Mtu aliyefukuzwa kwa kubishana sasa alikuwa upande wa wale wanaotoa amri.

Pale alipokosea

Mwaka wa 1979, katika televisheni ya Ufaransa, Tazieff alionya kwamba gazi kaboniki inayotoka katika viwanda na magari inaweza kupasha dunia joto na kuyeyusha barafu za ncha za dunia. Wakati ule raia wengi walikuwa hawajasikia jambo hilo kamwe.

Miaka kumi baadaye aligeuka. Katika kitabu alichotoa mwaka wa 1989, na katika mazungumzo mengi ya hadhara, alisema kwamba woga juu ya joto la dunia umezidishwa, na kwamba tundu katika tabaka la ozoni juu ya Antaktika ni jambo la asili. Alitumia mfano wa volkano, ambazo nazo zinatoa klorini, kitu kinachoharibu ozoni. Alikuwa amefika mwenyewe kwenye volkano ya Erebus huko Antaktika, na kwa hiyo watu wengi walimsadiki.

Lakini wengine walikuwa wamepima. Mwaka wa 1987 ndege za wachunguzi wa Marekani ziliruka kutoka kusini ya Chile hadi ndani ya tundu lenyewe, zikakuta klorini iliyotokana na gazi za viwandani, zile za friji na vipulizio, ikiwa nyingi pale ozoni ilipopungua. Sehemu kubwa ya klorini ya volkano inayeyuka katika maji na kushuka na mvua kabla ya kufika juu. Tangu nchi za dunia zilipokubaliana Montréal mwaka wa 1987 kuacha gazi zile, ozoni imeanza kupona polepole. Na kuhusu gazi kaboniki, volkano zote za dunia kwa pamoja zinatoa kwa mwaka chini ya sehemu moja kwa mia ya ile inayotoka kwa kazi za binadamu.

Tazieff hakuwa mjinga, wala hakuna sababu ya kusema alidanganya kwa makusudi. Aliijua volkano, akadhani ujuzi huo unamtosha kusema juu ya anga zima. Raia nao walisikiliza jina lake, hawakuuliza kipimo chake. Ilikuwa kinyume cha yale aliyoyapigania Guadeloupe.

Goma na Lubumbashi leo

Lava ya Nyiragongo ilirudi tarehe 17 Januari 2002, ikapita katikati ya Goma hadi ziwani, ikaacha zaidi ya watu 100,000 bila makao. Ilirudi tena tarehe 22 Mei 2021, jioni, bila onyo la wazi kwa raia. Siku tano baadaye amri ilitoka ya kuondoa watu katika sehemu kubwa ya mji, na mamia ya maelfu wakaenda Sake, Rutshuru na Rwanda. Mlipuko wa pili haukufika, na watu wakarudi. Ni mambo yaleyale ya mwaka wa 1976, safari hii katika nchi maskini na katikati ya vita.

Kazi ya kupima sasa iko mikononi mwa Wakongomani. Kituo cha kuchunguza volkano cha Goma, OVG, kinafuatilia Nyiragongo na Nyamulagira tangu miaka ya 1980, pamoja na mazuku, ile gazi kaboniki inayokaa mabondeni na kuua watoto na mifugo kimya kimya. Kipimo cha mfululizo, jinsi Tazieff alivyoona Stromboli, kinataka vyombo, umeme, usalama na mishahara. Kimoja kikikosekana, mlima unaendelea kupumua lakini hakuna anayehesabu.

Lubumbashi haina volkano. Ina mumbunda na moshi, kama wachoraji wa mji wanavyoiita picha ya kilima cha masalio na chimine ambayo imetundikwa katika nyumba nyingi. Tangu mwaka wa 1911 kiwanda kiliyeyusha shaba, na upepo wa kiangazi ukabeba moshi upande wa kaskazini-magharibi. Wachunguzi wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi wamechukua udongo wa Penga Penga na kukuta shaba na vyuma vingine kwa wingi unaozuia mimea kuota vizuri. Familia nyingi za mji zinalima mboga. Kwao, kujua ni udongo gani umeguswa na ni upi haujaguswa ni jambo la chakula cha kila siku, na udongo huo hautambuliwi kwa macho, kama vile kasiterite ambayo Tazieff alikuja kuitafuta katika jimbo hili miaka themanini iliyopita.